Sailensa ilivyonivujia msimu mzima nikidhani ni kitu kingine

Wazee wa baharini wanasema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani; tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa ndani, pale maji yanapojikusanya. Mimi nilikua nausikia huu msemo kama habari ya mtu kurudi kwao, basi, mpaka nilipoanza kukuta maji ngamani kila nikimaliza kutumia injini. Boti yangu ni ya tanga, faibaglasi, futi 31, imetengenezwa 1984, ina injini ndogo ya dizeli ya silenda mbili ambayo kazi yake kubwa ni kunitoa na kuniingiza bandarini na kunisogeza upepo ukikata. Maji yenyewe hayakua mengi, unachota nusu ndoo, siku nyingine ndoo nzima, alafu boti inakaa wiki imetia nanga na ngama ni kavu kabisa. Natweka tanga naenda masaa sita bila injini, pakavu. Nawasha injini saa moja, ndoo.

Ukisoma hivi jibu unaliona hapohapo, lakini mimi niliyekua ndani ya hiyo shughuli nilianza na shafti ya propela, manake shafti nayo inazunguka injini ikiwaka tu, na pale inapopita kutoka nje ya boti kuna kamba za pakingi ambazo zikichakaa zinadondosha maji. Nikabadilisha pakingi zote, kazi ya siku nzima. Maji yakarudi. Nikahamia kwenye pampu ya maji ya bahari, nikakuta sili yake, ile raba ya kuzuia maji, imechoka kweli na inatoa tone moja moja, nikaweka mpya nikafurahi, nikatangaza nyumbani kwamba tatizo limeisha. Maji yakarudi. Tatizo la boti ya zamani ndio hilo, ukitafuta kosa utalipata, lakini sio lazima liwe lile ulilokua unatafuta.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mtu mzima ambaye alikua anafanya kazi kwenye boti ya jirani. Nikamweleza. Akaniuliza, "Bwana mdogo, hayo maji umeyaonja?" Nikamjibu, "Bado mzee." Akachovya kidole, akaonja, akatema, alafu akakisugua kile kidole kwenye kitambaa cheupe akanionyesha. Kitambaa kilikua na weusi. Maji ya chumvi yenye masizi. Maji ya pakingi hayawezi kua na masizi, ya pampu hayawezi, ya kupozea injini yale yanayozunguka ndani yana rangi yake na hayana chumvi. Maji ya chumvi na masizi yanakutana sehemu moja tu kwenye boti nzima, kwenye eksozi, yaani njia ya kutolea moshi wa injini.

Kwa ambaye hajawahi kuingia chini ya sitaha ya boti ya namna hii nieleze kidogo. Injini inavuta maji ya bahari, inayapitisha kwenye kipozeo, alafu badala ya kuyatupa moja kwa moja inayamwaga ndani ya eksozi, kwenye kiwiko cha chuma kilicho nyuma tu ya injini. Pale moshi unatoka na joto la nyuzi 400 na kitu injini ikibeba mzigo, maji yanaupoza hapohapo, ndio maana kuanzia pale mbele unaweza kutumia paipu za mpira ndani ya boti bila kuunguza kitu. Mchanganyiko wa moshi na maji unashuka kwenye sailensa, na sailensa ya boti sio kama ya gari, ni kama chungu kilichofunikwa, kinakaa chini kuliko injini, maji yanajikusanya mle, moshi unayasukuma kwenda juu kupitia paipu ya pili mpaka kwenye mpindo ulio juu karibu na sitaha, kisha yanashuka na kutoka tezi. Ile sauti ya boti kutema maji, pwa, pwa, pwa, ndio hiyo kazi.

Sasa fikiria. Kupandisha maji mita moja kunahitaji msukumo wa kama bar 0.1, na huo msukumo uko ndani ya chungu muda wote injini ikiwaka. Tundu likiwa chini ya usawa wa maji, linatema maji. Tundu likiwa juu ya maji, linatema moshi, na moshi haukusanyiki ngamani ukauona.

Hapa ndipo nikakumbuka kitu ambacho mpaka leo kinanisumbua. Mwanzoni mwa ule msimu kulikua na siku upepo ulikufa kabisa, mvua inanyesha, tumefunga milango yote, tukaenda na injini masaa manne. Mke wangu alikua amelala kwenye kitanda cha nyuma, kile ambacho kichwa kinakaa karibu na chumba cha injini. Akaamka kichwa kinamuuma sana na kichefuchefu, mimi nikamwambia ni bahari, ingawa bahari siku hiyo ilikua imelala kama maji ya kwenye sinia. Nikampa dawa ya kichwa, akatoka nje kukaa na mimi kwenye mvua, akapata nafuu. Tukasahau. Dizeli inatoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, hilo ni kweli, lakini kidogo sio hamna, na hiyo hewa haina harufu wala rangi, inashika kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, na dalili zake za mwanzo ni hizohizo, kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, mtu anadhani ni mafua au ni mawimbi. Siwezi kuapa kwamba siku ile ilikua ni hiyo, sikua na chombo cha kupima. Ila kabla sijashika spana hata moja niliweka alamu mbili za kaboni monoksaidi, moja kwenye chumba cha nyuma na moja mbele, na kama kuna mtu boti yake ina injini ndani na hana hicho kidude, aache kusoma akakitafute kwanza, hii habari ya sailensa itamsubiri.

Kulitafuta tundu lenyewe hakukua kugumu nikishajua pa kutafuta. Nilikausha kila kitu kwa kitambaa, kiwiko, paipu, sailensa, nikapaka poda ya watoto juu ya sailensa nzima na kwenye viungio, nikatandika karatasi za tishu chini yake, nikawasha injini nikalala kifudifudi na tochi. Dakika tano hamna. Dakika kumi na mbili, injini imeshapata moto, mstari mwembamba wa maji ukaanza kuchora njia kwenye poda ukitokea chini ya mkanda wa chuma unaoshikilia sailensa. Nikalegeza mkanda. Chini yake mshono wa kuchomelea ulikua na kutu ya kahawia, na matundu mawili ambayo sindano ingepita. Na juu, nyuma ya paipu ya kuingilia, poda ilikua imepeperushwa na kuacha kaduara keusi. Hapo moshi ulikua unatoka.

Watu wengi tunaamini stenlesi, chuma cha sailensa yangu hii, haishiki kutu. Stenlesi inajilinda kwa ngozi nyembamba sana ambayo inahitaji oksijeni ili ijirudishe ikichubuka. Sasa wewe mpe maji ya chumvi yaliyotuama wiki mbili bila hewa mpya, ongeza asidi inayotokana na salfa ya kwenye mafuta, ongeza joto na baridi kila safari, alafu angalia mshono wa kuchomelea ambao ule moto wenyewe wa fundi ulishaunyang'anya kinga yake pembeni. Na chini ya mkanda ndio kabisa, unyevu hautoki. Kwa umri ule sailensa yangu ilikua imejitahidi sana.

Lakini mimi bado nikataka kuiokoa. Nikasugua kwa msasa, nikapaka epoksi ya kuzibia chuma, ikakauka ngumu kama jiwe, wiki tatu ikashika, ya nne ikaachia pembeni. Nikarudia, safari hii na kitambaa cha faibaglasi juu yake, ikashika safari mbili. Shida sio epoksi. Chuma cha kuzunguka tundu kilikua kimeshakua chembamba kama karatasi, kwahiyo kiraka kinashikilia kitu ambacho chenyewe kinaondoka, na ile mitetemo ya injini ya silenda mbili inamalizia. Kupeleka kuchomelea upya nako nilishauriwa nisijisumbue, moto unakula chuma chembamba na tundu linakua kubwa kuliko ulivyopeleka.

Basi ikabidi itoke.

Kutoa kulinichukua siku mbili na ngozi ya viwiko vyote. Sailensa iko nyuma ya injini, unaingia kwa kutambaa kupitia stoo iliyo chini ya viti vya nje, kichwa kwanza, mkono mmoja mbele, na ukishaingia kama umesahau bisibisi unarudi kinyumenyume. Klampu zilikua zimeganda zote, nikaacha kuzibembeleza nikazikata. Paipu za mpira zilikua zimegandamana na chuma kwa miaka, nilivuta, nikazungusha, nikajaribu maji ya moto, mwisho nikachukua kisu nikapasua kila paipu kwa urefu kwenye ile sehemu inayovaa juu ya chuma, ikafunguka kama ganda la muhogo. Paipu za umri ule hazirudishwi, ndani zilikua zimeanza kuachana tabaka kwa tabaka, na tabaka la ndani likikunjika linaziba njia ya moshi bila wewe kuona chochote kwa nje. Kwahiyo ukifungua sailensa ya boti ya zamani jihesabie na paipu zote mpaka tezi.

Alafu sailensa ikagoma kupita kwenye mlango wa stoo. Waliitia kabla sitaha haijafunikwa, nadhani. Ilibidi niikate mguu mmoja wa kikalio na ile paipu ya kutokea kwa msumeno wa chuma, kwa mkono, maana humo ndani grenda na cheche karibu na mafuta sikuthubutu.

Kwakua kila kitu kiko wazi nikafungua na kiwiko cha maji. Nashukuru nilifanya hivo. Njia ya moshi ambayo inatakiwa kupitisha vidole vitatu ilikua imebaki ya kupitisha kidole gumba, kaboni na kutu vimejenga ukuta. Injini ilikua inatoa moshi mweusi kwa muda mrefu na mimi nikisingizia nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta kwenye silenda. Nikaweka kiwiko kipya na gasketi mpya. Kama ningebadilisha sailensa tu, sailensa mpya ingekaa chini ya kiwiko kinachokaribia kupasuka.

Kuchagua sailensa mpya ndio sehemu ambayo ningependa mtu aisome polepole, manake hapa nilikaribia kuua injini. Nilichukua ya plastiki ngumu, ndogo, nikiipenda kwa sababu mbili, haishiki kutu na inapita kwenye mlango. Yule mzee akaigeuzageuza akaniuliza, "Inabeba lita ngapi?" Sikua najua kama hilo ni swali.

Ni hivi. Injini ikizima, msukumo wa moshi unakata, na maji yote yaliyokua yanapanda kwenye paipu kuelekea mpindo wa juu yanaporomoka kurudi kwenye chungu. Chungu kikiwa kidogo yanajaa yanapanda kwenye paipu ya kuingilia, na juu ya hiyo paipu kuna injini. Maji ya chumvi yakifika kwenye valvu za eksozi yanaingia silenda, na ukipiga stata siku hiyo unapinda koneksheni rodi, ule mkono wa chuma unaoshikilia pistoni, au kama hujapiga basi kutu inaanza usiku uleule. Paipu yenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 inabeba karibu lita 2 kwa kila mita. Yangu kutoka sailensa mpaka mpindo ni mita 2.3, yaani ikijaa kabisa ni lita 4 na nusu. Kwa bahati nilikua nimepima na yale yanayorudi kweli kabla sijafungua ile ya zamani, niliwasha, nikazima, nikafungua bolti ya kutolea maji chini na kukinga beseni, nikapata lita 3 na robo tatu. Ile ndogo niliyoipenda ilikua inabeba lita 4 na nusu mpaka kwenye mdomo wa kuingilia. Kwenye karatasi inatosha. Lakini boti ya tanga inalala upande, inapanda wimbi na kushuka, na maji kwenye chungu yanatembea. Nikairudisha, nikachukua ya lita 8 ambayo ina sehemu mbili zinazozunguka, ukilegeza mkanda wa katikati unaelekeza mdomo wa kuingilia huku na wa kutokea kule, kwahiyo nilipenyeza nusu moja, alafu ya pili, nikazifunga zikiwa ndani. Nilipima pia kipenyo mara mbili, milimita 50 na inchi 2 sio kitu kimoja, zinapishana karibu milimita moja, na hiyo milimita ndio inaamua kama utavaa paipu kwa sabuni au utalia.

Plastiki nayo ina udhaifu wake na ni vizuri kuukubali mapema. Haipendi moshi mkavu. Impela ya pampu, ile feni ya mpira inayosukuma maji, ikikatika na maji yakaacha kuja, mdomo wa kuingilia unaanza kulegea kwa joto ndani ya dakika chache. Nikaweka kisensa cha joto juu ya paipu, hatua chache baada ya kiwiko, kikipata joto kupita kawaida kinapiga kelele kabla hata geji ya injini haijajua. Huo ndio ulinzi niliouongeza na sioni kama ni anasa.

Kufunga kulienda haraka kuliko kutoa. Paipu mpya za eksozi ya boti, zile zenye waya ndani na alama ya SAE J2006 (kiwango cha paipu za eksozi za boti) imechapwa ubavuni, sio paipu yoyote nyeusi ya maji. Maji ya sabuni kwenye midomo, hamna grisi. Klampu mbili kila kiungio, stenlesi mpaka skrubu yake (chukua sumaku, utashangaa ni klampu ngapi skrubu yake inanasa), na vichwa vya skrubu nikavielekeza mahali bisibisi inafika, kwa ajili ya mimi wa miaka kumi ijayo. Paipu ya kutoka kwenye kiwiko ishuke moja kwa moja bila tumbo la kukusanya maji. Sailensa nikaikalisha juu ya ubao uliokaa kwenye raba, na mikanda ya nailoni badala ya chuma. Na kile kivalvu cha saifoni kilichoko juu kwenye paipu ya maji ya bahari, ambacho kazi yake ni kuzuia bahari isijivute yenyewe kuingia kwenye eksozi injini ikiwa imezimwa, nilikifungua nikakuta kimeganda kwa chumvi. Nikakiosha kwa maji baridi ya bomba na brashi ya meno mpaka kikawa kinapumua.

Kuwasha mara ya kwanza injini ikakataa. Nilikua nimegusa laini ya mafuta nikipita humo ndani na hewa ikaingia. Sasa hii ni hatari ambayo watu wengi hawaifikirii, kila unapopiga stata bila injini kuwaka, pampu inaleta maji lakini hamna moshi wa kuyasukuma, kwahiyo chungu kinajaa, piga mara ya nne ya tano na umefika kwenye silenda kwa njia ileile. Nikafunga valvu ya maji ya bahari, nikatoa hewa kwenye mafuta, nikapiga, ilipokohoa na kushika tu nikakimbia kufungua valvu. Impela inavumilia sekunde chache kavu, sio dakika. Saivi kuna kitambaa chekundu nafunga kwenye swichi valvu ikiwa imefungwa, ili nisisahau upande wowote.

Pwa, pwa, pwa ikatoka tezi, nzito kuliko zamani, moshi hauna weusi. Karatasi za tishu chini ya sailensa niliziacha masaa mawili, zikatoka kavu. Ngama imekaa kavu mpaka ikaanza kushika vumbi, kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nimekua na hii boti, na mke wangu analala tena kwenye kitanda cha nyuma, alamu iko kimya juu ya kichwa chake.

Ile sailensa ya zamani niliipeleka nje mahali pa wazi nikaichana katikati kwa grenda nione. Kwa nje nilikua nimehesabu matundu matatu. Kwa ndani mshono wa chini wote ulikua umeliwa, mfereji unazunguka robo tatu ya duara, kina cha ukucha, na ile paipu ya ndani inayotakiwa kushuka mpaka karibu na sakafu ilikua imekatika na kulala chini. Nilibonyeza ubavu kwa kidole gumba ukaingia ndani. Juu yake viraka vyangu viwili vya epoksi vilikua bado vinang'aa.